Niliwaambia ni Lifti Tu

Kama hukuwa nami wiki zilizopita, shida yangu inaelezeka kwa pumzi moja.

Naitwa Kaluki, mama Kivuva, muuza ndengu wa Zombe. Nilinunua gari, Probox, kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Mukuyuni, nikaikatia bima. Kwenye fomu palikuwa na swali: gari litatumika kwa kazi gani? Nikatiki "matumizi ya binafsi". Kesho yake alfajiri nikaanza kubeba watu kutoka Zombe hadi Kitui kwa nauli.

Miezi mitano mambo yakaenda. Mwezi wa sita tairi la nyuma likapasuka tukishuka kwenye mto wa mchanga, gari likalala ubavu. Nilikuwa na abiria wanne. Watatu walitoka na michubuko. Wa nne alikuwa Ruqiya, rafiki yangu anayeuza nguo duka la pili kutoka langu. Yeye alivunjika mfupa wa paja.

Kampuni ya bima iliponiuliza wale watu walikuwa nani, niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Ni marafiki. Niliwapa lifti."

Halafu ikaja barua. Mpelelezi wa bima angefika Zombe Jumanne.

Alhamisi nilikwenda Kitui mjini kumwona Munyao, ajenti aliyenikatia ile bima. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa za mifugo. Nilimkuta anakula chapati.

"Mwaitu, mama yangu, karibu! Kaa hapo."

Sikukaa. Nilimwekea barua juu ya chapati.

Akaisoma, akafuta mafuta kwenye vidole. "Hii ni kawaida. Wanatuma mtu kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Kama yale uliandika ni ukweli."

"Na si ukweli, Munyao. Wewe unajua si ukweli."

Akainuka akafunga mlango. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mimi sijui kitu kama hicho."

"Hujui? Si wewe uliniambia nitiki binafsi? Ulisema ile ya PSV, ya magari ya abiria, ina maneno mengi, mara ukaguzi, mara leseni, na bei yake iko juu. Ukasema, Zombe ni mbali, nani atajua?"

"Mwaitu, mimi nilikuuliza gari ni ya nini. Wewe ukatiki." Akavuta faili, akatoa fomu, akaigeuza upande wangu. "Hebu niambie, hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Ile K yangu yenye mkia mrefu, niliyofundishwa na marehemu baba.

Nilitaka kumtukana, nikamsukumia fomu yake. Na kwa kuwa nimeamua kuandika haya yote bila kujipaka mafuta, wacha niseme: Munyao hakunishika mkono. Alinionyesha njia mbili. Ile ya uongo ilikuwa rahisi kidogo, nikaichagua huku nikicheka naye. Hata soda alininunulia.

"Sasa nifanye nini?"

"Wale watatu hawana shida, hakuna mtu atawatafuta. Huyu aliyelazwa ndiye muhimu. Akisema alilipa nauli, umekwisha. Akisema ulimpa lifti, tuko sawa."

"Tuko sawa, wewe na nani?"

Alirudia chapati yake.

Jumamosi nikaenda hospitali.

Ruqiya alikuwa wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Mguu wake ulikuwa umeinuliwa, umefungwa kamba iliyopita juu ya chuma na kushuka chini na uzito unaoning'inia. Alikuwa amekaa hivyo siku kumi na moja. Hawezi kugeuka, hawezi kulala ubavu. Kila akicheka anashika paja. Na bado alicheka aliponiona.

"Abaayo, umekuja! Umeniletea nini?"

Abaayo ni dada, kwa Kisomali. Ameniita hivyo tangu siku aliyofungua duka lake.

Nilimwekea ndizi na chupa ya uji. Tukaongea mambo ya soko. Akaniambia kaka yake, Dirie, ameuza mbuzi wote aliotaka kuwapeleka mnadani, sasa yuko Nairobi kutafuta chuma cha kushikilia mfupa. Daktari alikuwa tayari. Kilichokuwa kinangojewa ni hicho chuma tu.

"Lakini bima itamrudishia, si ndiyo?" akaniuliza. "Nimemwambia Dirie asiogope. Gari ya Kaluki iko na bima."

"Ndiyo," nikasema.

Uongo wa tatu huo, ukihesabu ule wa fomu na ule wa lifti. Ulitoka mdomoni kwa ulaini kama salamu.

Nikasogeza kiti. "Ruqiya, kuna mtu wa bima atakuja hapa kukuuliza maswali. Atakuuliza kama ulilipa."

"Si nililipa."

"Najua."

"Hata chenji ulinirudishia tukiwa bado stegi."

"Najua, Ruqiya. Lakini ukimwambia hivyo hawatalipa kitu. Wewe mwambie ni lifti tu. Neno moja."

Ndizi ilikuwa mkononi, hajaimenya.

"Kwa nini wasilipe, kama bima iko?"

Ikabidi nimweleze. Ile fomu, ule mstari, ile tiki. Nilieleza kwa haraka nikiangalia sakafu. Nilipomaliza aliweka ndizi chini.

"Kwa hivyo miezi hii yote tulikuwa tunapanda gari isiyo na bima yetu."

"Bima iko..."

"Yako, Kaluki. Si yetu."

Niliisogeza chupa ya uji.

"Abaayo, nitakusaidia kwa kitu kingine," akasema polepole. "Hii sitaweza. Mimi niko hapa na hii kamba, na nikifunga macho niko na Mungu. Usinitume kwake na uongo."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona aibu. Nilipandisha sauti.

"Basi mimi nifungwe? Hiyo ndiyo unataka? Kivuva aachwe na nani?"

Wodi nzima iligeuka. Mama mmoja aliyekuwa amelala aliinua kichwa kwenye mto. Ruqiya akafunga macho, machozi yakapita pembeni hadi masikioni, maana amelala chali na hawezi hata kujifuta vizuri.

Nilichukua mkoba nikatoka bila kuaga. Nilimkasirikia njia yote hadi Zombe. Mimi niliyemvunja mguu, ndimi niliyekuwa nimekasirika!

Jumanne saa nne asubuhi mpelelezi akafika.

Nilikuwa nimengoja gari kubwa na mtu wa suti. Akaja mzee mfupi kwa miguu kutoka stegi, viatu vimejaa vumbi, mkoba wa ngozi begani. Akanisalimia kwa Kikamba, akasema anaitwa Mwangangi, akaomba chai.

Alikunywa kikombe kizima kabla hajatoa kalamu. Utulivu wake ulinitia hofu kuliko ambavyo kelele zingefanya.

"Mama Kivuva, huyu Ruqiya unamjua vipi?"

"Ni rafiki yangu. Jirani wa duka."

"Na siku hiyo alikuwa anaenda wapi?"

"Kitui, kuleta mzigo wake. Mimi nilikuwa naenda shughuli zangu, nikampa lifti."

"Alikulipa?"

"Hapana."

"Na wale wengine watatu?"

"Marafiki pia."

Akaandika. Aliandika polepole kama mtu anayepanda mbegu, neno baada ya neno. Halafu akaweka kalamu chini, akatoa simu na kuiegemeza kwenye debe la ndengu ili wote wawili tuone.

"Wewe unasali hapa Zombe?"

"Ndiyo."

"Kanisa lenu vijana wamejitahidi. Wanaweka ibada zote kwa Facebook."

Akabonyeza.

Nilijiona. Nimevaa kitenge cha njano, nimesimama mbele ya kanisa na kipaza sauti, jasho la furaha linanitiririka. Ilikuwa Jumapili ile ya shukrani, wiki mbili baada ya kununua gari.

"Bwana asifiwe!" yule Kaluki wa kwenye simu akapaza sauti. "Mungu amenitoa kwa kubeba magunia na mgongo, leo mimi ni mwenye gari! Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niko stegi. Zombe, Kitui! Msiteseke watu wa Mungu, njooni kwa Kaluki, na nauli yangu si kali!"

Watu wakapiga makofi. Wengine wakacheka. Mchungaji akasema amina.

Mwangangi akazima simu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hapo ulikuwa unasema uongo?"

Nilitazama debe la ndengu. Nimefanya biashara miaka kumi na tisa, najua kujitetea kwa mnunuzi yeyote. Siku hiyo sikupata hata sentensi moja. Ningesema nini? Kwamba nilimdanganya Mungu kanisani ili niwe mkweli kwa bima?

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka kwenye fomu ikaishia madhabahuni.

"Naweza kuandika upya?" nikauliza.

Akanipa karatasi safi.

Niliandika yote. Nauli, siku za safari, ile tiki, yale maneno ya Munyao na kicheko changu mwenyewe. Mteja mmoja alikuja kuuliza bei ya ndengu nikamwambia arudi kesho. Nilipoweka sahihi nilihisi mabega yamelegea, kama mtu aliyetua mtungi.

"Sasa itakuwa nini?" nikamuuliza.

"Mimi siamui. Lakini nimefanya hii kazi muda mrefu." Akakunja karatasi. "Kampuni ilikubali gari ya mama mmoja anayeenda sokoni na kanisani. Hiyo gari haikuwako. Ungewaambia ya kweli, wangekupa bima ya abiria, au wangekwambia hapana ukatafute kwingine. Nafikiri watakataa kulipa na watavunja ile bima. Utapata barua."

Gari lilikuwa limekwenda, bila fidia. Nililikubali hilo pale pale, nikameza.

"Na Ruqiya?"

Alitazama ndani ya kikombe kilichokwisha chai.

"Huyo ndiye ananisumbua. Nilikuwa naye jana."

"Basi hana neno," nikasema. "Nilimwomba aseme ni lifti, akakataa kabisa. Yeye amekwambia ukweli."

Mwangangi alishusha kikombe. Alifungua mkoba, akatoa karatasi nyingine, akaigeuza upande wangu kama vile Munyao alivyonigeuzia fomu.

Niliusoma mwandiko wa Mwangangi, na chini yake sahihi ya Ruqiya, imepinda kwa sababu aliandika akiwa amelala.

"Kaluki ni kama dada yangu. Hajawahi kuchukua pesa yangu hata siku moja. Siku hiyo alinipa lifti kwa sababu ya urafiki."

Niliyasoma mara mbili. Mara ya tatu herufi zikaanza kuogelea.

"Angesema ukweli," Mwangangi akaendelea, "ningeandika kwamba yeye ni abiria aliyeumia na hajui mambo ya fomu yako. Mtu kama huyo ana njia za kudai haki yake. Ni ndefu, lakini ziko. Sasa nina karatasi yake inasema hivi, na yako inasema vile. Wakubwa wakiziweka pamoja wataona watu wawili waliokula njama, mmoja akaogopa. Faili kama hiyo huwa inapelekwa kwa polisi."

"Irarue."

"Siwezi."

"Basi rarua yangu!"

"Hata yako siwezi, mama. Na video je, nitairarua?"

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Nilipodanganya, nilimharibia. Nimesema ukweli, nimemharibia zaidi! Mtu afanye nini?

Mwangangi alifunga mkoba wake. "Faili naipeleka kesho saa nne asubuhi. Leo nitakuwa Kitui hadi jioni. Akiamua mwenyewe kuandika upya, bila kulazimishwa, nitaweka ile mpya juu na nitaeleza. Zaidi ya hapo sina."

Nilifunga duka na kukimbia stegi.

Gari lililokuwepo lilikuwa la mtu binafsi, Probox nyeupe kama yangu, limejaa wanawake na kuku. Nikamuuliza dereva, "Una bima ya abiria?"

Akacheka. "Mathe, kama unaogopa, shuka utembee."

"Tunachelewa!" mama mmoja akanifokea kutoka nyuma.

Nikalipa. Nikanyamaza. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Ruqiya. Kwanza msamaha. Halafu karatasi.

Nilifika wodini saa tisa kasoro dakika chache. Kile kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu, ile kamba imening'inia bila uzito.

"Yuko wapi?" nikamshika muuguzi mkono.

"Punguza sauti, mama. Anaenda tieta, kupasuliwa. Chuma kimefika."

Niliwakuta kwenye ujia. Ruqiya alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, amevikwa gauni la kijani, nywele zimefungwa kofia ya karatasi. Kando yake alikuwa Dirie, kaka yake, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mama Kivuva!" akasema, na uso wake ukachangamka kweli. "Umefika wakati mzuri. Muombee kwa dini yako, na sisi tunaomba kwa yetu."

"Dirie, nahitaji kuongea naye dakika mbili. Kuna karatasi..."

"Hawezi kuandika kitu sasa," muuguzi akanikatiza. "Ameshachomwa sindano. Hata akiandika, haitakuwa na maana."

"Kama ni mambo ya bima, usijali," Dirie akasema. "Yule ajenti wako alikuja Jumapili. Mtu mzuri sana. Alisema umemtuma. Mimi nilikuwa bado Nairobi, lakini alikaa na Ruqiya akamweleza kila kitu."

Nilimgeukia.

"Munyao? Mimi sikumtuma."

"Nini?"

Ningeweza kurudia kwa sauti. Ukweli mtupu ulikuwa huo, sikumtuma Munyao mahali popote. Lakini Jumamosi mimi mwenyewe nilikaa kwenye kiti kile nikamwomba Ruqiya neno lile lile, wodi nzima ikisikia. Nani angeona tofauti?

Magurudumu yakaanza kwenda. Nikatembea kando yake, nikashika vidole vyake. Akafungua macho, mazito, yanatafuta uso wangu.

"Kaluki."

"Niko hapa."

"Yule mtu alisema utafungwa." Ulimi wake ulikuwa umeanza kulegea. "Alisema Kivuva atabaki peke yake. Nikasema vile ulitaka. Usinikasirikie tena, abaayo."

"Sikukasirikii. Ruqiya, nisikilize..."

"Sasa ni sawa?"

Muuguzi aliniondoa mkono kwa upole. Milango miwili ikafunguka, ikameza kitanda, ikajifunga.

Tulibaki wawili kwenye ujia. Dirie hakuwa anatabasamu tena. Mfukoni mwa shati lake risiti ya chuma ilikuwa imechomoza, imekunjwa kwa uangalifu, ile aliyotaka kuipeleka kwa bima.

"Alisema vile ulitaka," akarudia polepole. "Mama Kivuva, ulitaka dada yangu aseme nini?"

"Kaa chini kwanza, Dirie."

Hakukaa.